Mjukuu wa Mkia Mwekundu

Mpiga pasi alirudi kutoka duka la dobi, akavua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye tangi la kioo pale sebuleni. Alinyunyiza chakula kwa ncha za vidole. Samaki wakapanda juu, wadogo kama kiungo cha kidole, madume wakitandaza mikia yao ya rangi nyekundu na buluu. Aliwatazama kama alivyotazama mashati ya watu kazini: anaona kola, anaona mkunjo, shati lenyewe halioni.

Mumewe, fundi wa majokofu, ndiye aliyelileta tangi hilo, akaliweka mkabala na mlango ili kila mgeni alione. Kisha alihamia kwa mwanamke mwingine, upande wa pili wa mji, na nguo zake, redio na sanduku la zana. Samaki hawakuenea kwenye mizigo. Majirani walingoja kilio cha mpiga pasi hadi wakachoka, wakasema mama yule ana roho ya chuma. Haikuwa chuma. Ilikuwa ganzi, ile ya mguu uliokaliwa kwa muda mrefu: mguu ni wako, lakini ukiufinya ni kama unamfinya mtu mwingine.

Aliwalisha samaki kwa kuwa walikuwapo. Mwanzoni aliwamwagia maji ya bomba na baadhi wakafa. Muuza samaki wa mapambo akamweleza kwamba maji hayo yana dawa. Ayakinge, yalale kwenye ndoo hadi kesho yake, ndipo awape, na asibadilishe yote kwa mkupuo. Tangu hapo kona ya jikoni haikukosa ndoo ya maji yaliyolala. Alijifunza pia kwamba samaki hawa hawatagi, wanazaa, na kwamba mama huwala wanawe. Kila jike alipovimba tumbo alimhamishia kwenye chupa ya jemu. Akishazaa, mama hurudishwa tangini, vitoto vikabaki chupani vikikua. Wale wakubwa walikufa mmoja mmoja, kwa uzee wao mfupi. Aliwafukia kwenye chungu cha maua bila neno.

Jumapili moja mchana fundi alibisha hodi, ndoo tupu mkononi, dada yake nyuma.

"Wifi yangu! Mgeni njoo, mwenyeji apone," dada mtu alisema, akijichekesha.

"Karibuni. Mwenyeji hajaugua."

Fundi hakuketi. "Bibie, sitaki maneno mengi. Nimekuja kuchukua samaki wangu. Sebule ya kule imekaa tupu."

"Tupu, na wewe umo?" dada yake alimchokoza.

Mpiga pasi alisikia kitu kikisogea kifuani, mbali, kama kiti kinachoburutwa chumba cha jirani. Wakiondoka samaki hawa, nyumba hii haitakuwa na chochote kinachomngoja arudi kutoka kazini.

"Maji umeyalaza?" aliuliza.

"Maji nayo yanalala? Yanakoroma?" Fundi alicheka. "Nitafungua bomba kule kule." Akainama, akagusa kioo. "Alaa! Mkia mwekundu bado yupo! Dada, huyu ndiye niliyemnunua wa kwanza. Ona anavyonijia. Ananikumbuka."

Samaki alikuwa anakifuata kidole, kama anavyokifuata kidole chochote.

"Siye," mpiga pasi alisema.

"Siye vipi?"

"Wako walikufa. Wote. Huyo ni mjukuu. Hata baba yake hukumwona."

Fundi aliondoa kidole kwenye kioo. Dada mtu aliangalia sakafu.

"Samaki ni samaki tu," fundi alisema. "Na tangi nililinunua mimi."

"Tangi ni lako. Lichukue."

Alileta beseni la kufulia, akachotea humo maji ya tangi kwa kopo, kisha akawahamisha samaki kwa chujio la chai, taratibu, mmoja mmoja, maji yaliyobaki akayachota akayamwaga. Fundi alisimama na ndoo yake.

"Kaka, sema kitu."

"Niseme nini?"

"Basi shika huku tubebe."

Walishuka na kioo kitupu, kikidondosha maji njia nzima. Dada mtu aligeuka. "Wifi, tusameheane."

"Angalieni ngazi, zimelowa."

Alifunga mlango. Akainamia beseni; hakuwa amewahi kuwatazama samaki kutoka juu. Kutoka huko rangi zilipotea. Aliona migongo ya kijivu tu, na hata yeye hakuweza kumtofautisha mjukuu wa mkia mwekundu na wenzake.

Alitumbukiza mkono, ule wenye makovu ya pasi, akautuliza. Mmoja akaja kudonoa ncha ya kidole, kisha wengine. Mwanzoni hakusikia kitu. Akangoja. Ndipo vidole vilipoanza kuchomachoma, kama mguu unaotokwa na ganzi, na chozi lake la kwanza likaangukia mle besenini. Mkono hakuutoa.