Boriti Juu ya Kitanda cha Mama Mkwe

Mtaani walimwita Cheche. Alikuwa mwanamke fundi wa kuchomelea vyuma, na mdomo wake ulikata kuliko grenda. Nusu ya mtaa aliwatengenezea mageti. Nusu iliyobaki aliwatukana.

Mama mkwe wake, bibi mzee, aliishi kwenye nyumba iliyokuwa ghala zamani. Alipotaka chumba cha juu, akamwita Cheche na kumwonyesha boriti ya chuma iliyokatiza juu ya kitanda, ukuta hadi ukuta.

"Panga vyuma vyako juu yake, tupigilie mbao, basi."

"Mama, paa liko chini. Huko juu utatembea kwa magoti."

Cheche akaamua kuchomelea vipande vya chuma ubavuni mwa boriti, vyuma vipya vikalie hapo kama watoto mapajani. Ila kwanza boriti ile ipewe miti ya kuitegemeza kwa chini, na mti mmoja ulitakiwa kusimama palepale penye kitanda.

"Kitanda hakitoki," bibi akasema. "Nimezalia watoto saba hapa, na mumeo yumo."

"Ndiyo maana kimepinda."

Wakabishana mpaka koo zikawakauka. Mwishowe Cheche, kwa hasira, akasema potelea mbali, akaweka mti upande mmoja tu. Akapanda ngazi kugonga kutu upande wa pili, pale boriti ilipoingia ukutani. Nyundo ikazama. Chuma kilikuwa kimeliwa ndani. Kilichobaki ni rangi na mazoea.

Boriti ikaguna, ikashuka kidogo.

"Toka!" Cheche akapiga yowe.

Bibi, aliyekuwa akilalamikia magoti yake tangu asubuhi, alifika uani kabla ya vumbi. Cheche akamfuata.

"Mama, kiburi changu kingekuua."

"Kingejaribu. Wengi wamejaribu." Kisha akamshika mkono, na hakuuachia upesi.

Wakakikokota kitanda pamoja. Miti ikasimama pande zote. Chini ya ncha iliyooza Cheche akasimamisha nguzo mpya ya chuma juu ya msingi wa zege, ndipo akachomelea vipande vyake, akakalisha vyuma, akapigilia mbao.

Siku ya kukabidhi, bibi alipanda na kuanza kurukaruka. Cheche alibaki chini, macho kwenye boriti, roho mkononi.

"Inatikisika?" bibi akauliza kutoka juu.

"Wewe ndiye unayetikisika, mama. Boriti imetulia tuli."