Maji ya Chumvi Bila Sukari

Nilifundisha biolojia miaka ishirini na sita, sehemu kubwa huko Buleusa, mpaka vita ilipotuondoa na kutuleta Kitshanga. Kila mwaka nilifika kwenye somo la utando wa seli. Nilichora ubaoni safu mbili za vichwa vya mviringo, kila kichwa na mikia miwili, nikawaeleza wanafunzi kwamba kila seli ya mwili imezungukwa na utando wa mafuta mwembamba usioonekana kwa macho, na kwamba chumvi haiwezi kupita kwenye mafuta. Inahitaji mlango. Milango yenyewe ni protini, na kila mmoja una tabia yake. Katika utumbo upo mlango mmoja usioikubali chumvi mpaka ije pamoja na sukari. Vikija viwili hivyo, unageuka na kuviingiza vyote. Chumvi ikishaingia, maji huifuata yenyewe.

Baada ya hapo nilichora pampu, ile inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani bila kupumzika, ili ndani na nje ya seli kusilingane kamwe. Kutolingana huko ndiko umeme wetu. Neva ikiguswa, milango ya sodiamu hufunguka mmoja baada ya mwingine, kama watu wa benchi moja kanisani wanaosogezana kumpisha mgeni, na habari inafika mguuni kabla hujajua umeituma.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, hii itatusaidia nini?"

"Itakusaidia kupita mtihani wa serikali," nikamjibu.

Darasa lilicheka, nami nikacheka. Niliona nimejibu vizuri.

Huku Kitshanga sikuwa tena na darasa. Nilikuwa na shirika letu la mtaa, zile familia chache zinazosali pamoja kila wiki, na walinichagua kuwa kiongozi kwa sababu najua kusoma na sina haraka. Kwaresima ile nilipendekeza tuache sukari. Wengi wetu hatukuwa na kitu kingine cha kuacha. Nyama tulikuwa tumeiacha zamani bila kuulizwa. Kila nyumba iliyopata sukari ingeileta kwetu, tungeiweka ndani ya ndoo yenye mfuniko, na Pasaka tungewapelekea wagonjwa na wajane wa kambi ya wakimbizi. Mke wangu ndiye aliyeosha ndoo hiyo na kuianika. Aliniambia, "Wewe unaachaka vitu mwepesi, kwa sababu si wewe unapikaka." Alisema huku akicheka. Tulikuwa tumeoana miaka thelathini na minane na alikuwa na haki hiyo.

Ijumaa moja asubuhi, kabla sijamaliza sala, nilimsikia akitoka nje mara tatu mfululizo. Mara ya nne hakuweza kutoka. Kilichokuwa kinamtoka kilifanana na maji ya kuoshea mchele. Kolera ilikuwa imeshaingia kambini wiki hiyo, na hema la kugawia dawa lilikuwa limefungwa, wahudumu wameondoka kwa sababu ya mapigano upande wa barabara. Ilibaki hospitali ya Mweso. Nilikwenda kwenye kituo cha pikipiki. Vijana waliniambia kwa heshima kwamba risasi zimesikika njiani na hakuna anayetoka kabla ya mchana.

Basi nikarudi kumtunza mwenyewe. Nilichemsha maji, nikayapoza, nikatia chumvi. Nilikuwa nimesikia redioni mara nyingi kwamba mgonjwa wa kuhara apewe maji yenye chumvi na sukari. Chumvi niliielewa: mwili unaipoteza, lazima irudishwe. Sukari niliifikiria kuwa ya kuubembeleza ulimi, hasa wa watoto. Mtu mzima, mkristo, angeweza kukosa kubembelezwa siku ya Ijumaa ya Kwaresima.

Alikunywa kikombe, akakitapika. Akanywa kingine.

"Papa, maji hii iko chumvi tupu," akasema. "Inarudi. Tia sukari kidogo."

"Sukari haipo, Mama."

"Iko mu ndoo."

"Ile si yetu. Tumeshamtolea Mungu."

Alinitazama kwa macho ambayo tayari yalikuwa yameingia ndani. "Mungu hanywi chai," akasema.

Sikucheka. Nilimwambia avumilie, atoe mateso yake kwa ajili ya wengine, nikamshikia kikombe tena. Ndoo ilikuwa hatua mbili kutoka kitandani, chini ya picha ya Bikira Maria. Nilimnywesha chumvi tupu asubuhi nzima, kwa upole, kijiko kwa kijiko, nikihesabu Salamu Maria katikati ya vijiko. Naandika jambo hili kama lilivyokuwa, kwa sababu wapo wanaosimulia kwamba nilimtunza vizuri.

Mchana misuli ya miguu yake ilianza kukaza. Vigimbi vya miguu vilikuwa vigumu kama jiwe na vidole vilijikunja vyenyewe, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata alipokuwa anajifungua. Nilimkanda. Mikono yangu ilikuwa juu ya somo langu lenyewe, neva zinazopiga kelele kwa kukosa chumvi zake, na sikuona kitu. Saa nane hivi kijana mmoja wa pikipiki alikubali. Tulimfunga katikati yetu kwa kitenge.

Mweso walitupokea haraka kwenye hema la wagonjwa wa kolera. Muganga, kama tunavyomwita daktari, alikuwa mama kijana mwenye buti za mpira, mikono yake ikinuka klorini. Alibana ngozi ya tumbo la mke wangu, nayo ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Alitafuta mshipa wa kuwekea serumu, maji ya dripu, kwenye mikono yote miwili akaukosa, akaupata mguuni. Huku akifunga plasta akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Papa, nyumbani ulimupatia nini?"

"Maji yenye chumvi. Tangu asubuhi."

"Na sukari?"

"Hapana. Tuko mu Kwaresima."

Aliinua kichwa. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. "Papa, chumvi peke yake haiingie," akasema polepole, kama anayezungumza na mtu asiyesoma. "Kolera inaharibu njia zingine. Ile mulango inabaki, ni sukari njo inaifungua. Bila sukari, chumvi inapita tu na inatoka na maji yote."

Nilisimama pale na kofia mkononi. Neno lolote alilosema ningeweza kumalizia mimi. Nililiandika ubaoni mara ishirini na sita. Nilitoa alama kwa waliolikariri na kuwanyima waliolisahau.

"Mwalimu," mke wangu akasema kutoka kitandani, macho ameyafumba. "Umesikia."

Alilisema kama alivyozoea kuniambia kwamba mvua inakuja na nguo ziko nje. Nilitaka aongeze neno.

Alifariki siku ya pili kabla ya adhuhuri. Serumu ilikuwa inaingia, lakini figo zilikuwa zimenyamaza, na muganga alinieleza kwamba moyo umekosa potasiamu muda mrefu, mapigo yamepoteza mpangilio. Nilielewa vizuri sana. Nilikuwa mtu pekee mle hemani, ukiacha waganga, aliyeweza kuchora kinachotokea.

Kwenye matanga walisema amekufa kifo kizuri. Amekufa Kwaresima, ameshika mfungo wake mpaka mwisho. Habari ya ndoo, kwamba haikuguswa, ilikuwa imeenea, kwa kuwa mimi mwenyewe niliisema siku ya kwanza nikiwa sijui ninachosema, na wao waliifanya kuwa ushuhuda, wakaniita mtu wa imani. Kwa kuwa wageni walikuwa wengi, shirika liliamua sukari ile itumike kwa chai ya matanga. Nililetewa kikombe. Nilikinywa chote, kwa sababu nililelewa kutokukataa chakula cha msiba.

Nilikwenda kuungama. Padri, aliye na umri wa mwanangu wa mwisho, alinisikiliza vizuri kisha akasema, "Papa, hapo hakuna dhambi. Hukujua."

"Nilijua, Padri."

"Ulijua kichwani. Hukujua wakati ule. Mungu anatofautisha."

Huenda anatofautisha. Namshukuru kwa miaka thelathini na minane, namshukuru kwa yule muganga na kwa kijana wa pikipiki. Namshukuru kila asubuhi, kwa meno yaliyoumana, na naamini ananivumilia. Lakini wale walioniita mtu wa imani sijaweza kuwasamehe, maana walinichukulia hata kosa langu wakalipamba.

Kwaresima iliyofuata waliniomba tena niseme tuache nini. Nilisimama mbele yao. Nikasema kwamba mke wangu hakushika mfungo. Aliomba sukari, na mimi nilimnyima ikiwa hatua mbili kutoka kwake, na nilikuwa nimesomea jinsi inavyofanya kazi, na hilo ndilo lililomuua. Nikaeleza habari ya mlango, bila kuchora. Hakuna aliyenitazama. Katibu wa shirika alifunga daftari lake akalifungua tena. Wa kwanza kuzungumza alikuwa bibi mmoja mkimbizi aliyejiunga nasi mwezi ule ule, ambaye hakuwahi kumwona mke wangu.

"Mwalimu," akasema, "sema vipimo. Polepole, sijui kuandika."

"Litri moja ya maji yaliyochemshwa," nikasema. "Vijiko sita vidogo vya sukari, visawazishwe juu. Nusu kijiko cha chumvi."

"Sita."

"Sita, Mama."

Akahesabu vidole, akaniomba nianze tena.