Mwanamke Aliyekataa Kuitwa Mkimbizi

Habari ya kifo chake ilinikuta dukani nikinunua mkate, hapa hapa Waberi, mtaani kwetu Garissa, muda mfupi baada ya swala ya alasiri. Aliyenipigia simu ni kaka yake, mwenye duka la safari ambamo marehemu alifanya kazi, naye aliyasema maneno machache tu kwa sauti ambayo sikuizoea: "Maalim, Balozi ametutoka." Kabla sijamaliza kusema inna lillahi, muuza mkate alikuwa ameshajua na ameshaanza kujifuta macho, kwa kuwa naye aliwahi kuketi mbele ya meza ya marehemu alipokuwa akimpeleka mkewe India kutibiwa. Tulimzika kabla ya magharibi. Ninaandika safu hii nikiwa na hasira, na ninawaomba radhi mapema wale wasomaji wangu wanaopenda kumbukumbu za machozi na maua. Machozi marehemu hakuyapenda, na maua Garissa si kitu cha kupatikana kwa urahisi.

Jina lake sitalitaja, na hata ningelitaja wengi mngeuliza ni nani huyo, kwa sababu mji ulimjua kwa lile la utani tu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ngamia, na meza yake ilikuwa mlangoni kabisa mwa duka, hivi kwamba hukuweza kumfikia kaka yake bila kuhojiwa naye kwanza. Hapo ndipo walipopita mahujaji, wagonjwa wa kwenda India, wanafunzi wa Uganda, wafanyabiashara wa Dubai na wake waliofuata waume zao katika nchi za baridi. Pasipoti iliyobakiza uhai wa chini ya miezi sita aliisukuma pembeni bila hata kuinua macho. Alitaka kuiona tiketi ya kurudi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na anwani ya mahali utakapolala. Alikukataza kubeba mzigo wa mtu mwingine, hata awe mjomba wako. Alikuwa mkali, mbishi, na mara nyingine alikosea akakataa kukubali kwamba amekosea. Mimi, mtu wa Hola niliyekuja hapa kufundisha Kiswahili nikasahau kurudi kwetu, nilimtania kwamba anazijua ngeli mbili tu. Alinijibu kwamba hizo mbili zinamtosha kugombana na mtu yeyote kuanzia hapa mpaka Jeddah.

Siku moja nilimkuta akimhoji mfanyabiashara wa mbuzi aliyetaka kusafiri na mkewe. Fomu ya viza ilitaka jina la ukoo, na yule bwana, akihofia wazungu watashangaa kuona mke na mume wasiochangia jina, alikuwa ameshamwandikia mkewe jina lake yeye mume. Kama mjuavyo, mwanamke wa Kisomali haachi jina la babake hata akiolewa mara ngapi. Balozi aliisoma ile fomu, akaiweka chini taratibu, nikajua mvua inakuja.

"Haye, mzee, niambie ukweli. Huyu mama umeoa ama umenunua?"

"Nimeoa, wallahi! Lakini Balozi, hao watu ya fiza hawaelewi mambo yetu."

"Kama hawaelewi, waulize. Mdomo ya kuuliza wako nayo. Baba yake alikufa, jina yake haijakufa. Andika jina ya baba yake, halafu beba cheti ya nikaha. Ukiulizwa, jibu. Usiboulizwa, nyamaza."

Nilicheka hadi nikakohoa, lakini yule bwana hakucheka. Aliandika upya. Waliulizwa, wakajibu, wakaenda na wakarudi salama. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria kuu ya meza ile: dirishani mwa afisa wa uhamiaji usiseme uongo, hata ule mdogo unaodhani utamrahisishia kazi. Wengi walidhani ni ucha Mungu tu. Mimi nilijua ametoa wapi sheria hiyo, maana hakuwahi kuifanya siri.

Alizaliwa Diff, upande wa Kenya, mahali ambapo mpaka wa Somalia uko karibu kiasi kwamba mbuzi huuvuka asubuhi na kurudi jioni bila viza. Alipokuwa mke kijana mwenye mtoto mgongoni, ukame mkubwa ulimaliza mifugo yote ya nyumba yao. Mumewe alikwenda kutafuta maisha asirudi. Naye akatembea na wenzake mpaka kambi za Dadaab, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na unga. Lakini unga ulikuwa wa waliokimbia vita ng'ambo, si wa Wakenya waliokimbia njaa nyumbani kwao. Alipoulizwa ametoka wapi, alinyoosha mkono upande wa mpaka. Akabonyeza vidole kwenye mashine, akapewa kadi ya chakula, mtoto akala. Mwenye njaa hana miiko, na sijakutana na mama yeyote mwenye akili ambaye angefanya vingine. Maelfu ya Wakenya wa kaskazini walifanya hivyo hivyo, na hakuna aliyewaambia kwamba vidole vile vingekuja kuwashtaki.

Aliporudi na kwenda kuomba kitambulisho cha taifa, mashine ilimkana. Ilisema ni mkimbizi. Wazee wa kwao walikuja kushuhudia kwamba wanamjua yeye, babake, na kisima walichonyweshea ngamia, lakini mashine ilikuwa na ushahidi wake. Kwa hiyo huyo mliyemwona akiwaelekeza watu namna ya kuingia nchi za watu, yeye mwenyewe hakuwa na karatasi ya kumtoa Garissa. Leseni ya duka ilikuwa kwa jina la kaka yake. Laini ya simu ilikuwa ya kaka yake. Hayo aliyavumilia, hata akayafanyia mzaha. Asichoweza kukivumilia ni kilichompata bintiye, yule mtoto wa mgongoni, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe hadi kidato cha nne. Binti aliitwa kusomea uuguzi, na chuo kikamtaka kitambulisho. Ofisi ya vitambulisho nayo ikataka cha mama. Mama hana. Basi mlango ukafungwa mbele ya mtoto ambaye hakuwahi kumdanganya mtu yeyote.

Ni wakati huo huo ulipofika ujumbe kutoka kambini. Faili lake la zamani la ukimbizi lilikuwa limeibuka kwenye kapu la watu wa kuhamishiwa ng'ambo: nchi ya baridi, nyumba, shule, na baadaye uraia. Yeye na binti. Kwa wasiolijua eneo hili, niseme tu kwamba kule kambini kuna neno, buufis, yaani ile homa ya kutamani kwenda ng'ambo inayomfanya mtu aishi miaka mingi mwili uko Dadaab na roho iko Minnesota. Watu wameugua kwa ajili ya nafasi kama ile. Kaka yake alichinja mbuzi. Majirani walianza kumwagiza simu za ng'ambo. Binti, ambaye alikuwa amelia wiki nzima, alianza kutafuta picha za theluji.

Balozi alikwenda kwenye mahojiano, akaketi upande wa pili wa meza, safari hii yeye ndiye wa kuhojiwa, na alipoulizwa ametoka wapi, akasema, Diff. Mkalimani alidhani amesikia vibaya. Maneno yake alinisimulia mwenyewe siku iliyofuata, akiwa bado ana moto.

"Nikamwambia, mimi si mkimbizi. Nilisema uongo moja sababu mtoto yangu alikuwa anakufa, na unga yenu nilikula, Mungu awalipe. Lakini hiyo nafasi ni ya mtu alikimbia risasi. Mimi nilikimbia jua. Futeni fidole yangu, mnirudishie kwetu."

"Na binti?" nikamuuliza. Nakiri nilikuwa nimekasirika kwa niaba yake. "Umemuuliza binti?"

"Maalim, nikimbeleka huko kwa uongo, kila dirisha atasimama maisha yake yote, atasema uongo yangu. Mimi ndio nilianza. Mimi ndio nitamaliza."

Mji ulimwona mwendawazimu. Kaka yake alimnunia kwa muda mrefu, wakawa wanafanya kazi duka moja wakituma salamu kupitia wateja. Binti alihamia kwa shangazi yake na kukataa kupokea simu. Hapo ndipo nilipomwona Balozi akiogopa, mara moja tu. Alinishika mkono akaniuliza kama mtoto anaweza kumchukia mama yake milele. Nikamwambia sijui. Kisha akaanza safari zake za kwenda maofisini. Maji alikuwa ameshayavulia nguo, na ilikuwa lazima ayaoge. Alikwenda ofisi hii, akatumwa ile. Aliambiwa njoo kesho, mtandao umelala, aliyeshika faili yuko likizo, orodha ya watu wa kuondolewa kwenye rejista ya wakimbizi bado inasubiri sahihi. Mmoja alimshauri kwa upole atafute majina mengine na vidole vingine, kana kwamba vidole huuzwa sokoni. Akabaki pale pale na vidole vyake vile vile.

Niwaambie kinachonikera, wasomaji wangu, mimi ambaye sijawahi kuombwa kitambulisho zaidi ya nilivyoweza kuvumilia. Basi la Nairobi likisimamishwa kwenye kizuizi, abiria wote huamriwa kushuka. Mara nyingi afisa hunitazama uso, akanitazama pua, akaniambia, "Mzee, wewe kaa tu." Nami hukaa, huku nyuma yangu wanawake waliozaliwa Wajir na wazee wa Tarbaj waliolipa kodi ya mifugo maisha yao yote wakipangwa mstari juani, kila mmoja akiwa ameshika mkononi ushahidi kwamba yupo. Tunawafundisha watoto darasani kwamba uraia ni haki ya kuzaliwa. Halafu mtoto anafikisha umri wa utu uzima, anagundua kwamba kwa wengine ni haki na kwa wengine ni mtihani, tena mtihani ambao mtahini haonyeshi majibu. Siku hizi tunaambiwa ule ukaguzi maalumu wa watu wa huku wanapoomba vitambulisho umefutwa. Alhamdulillahi. Lakini mtu aliyeegemea ukuta miaka mingi hataamini kwamba umeondolewa mpaka aupitie.

Ukuta wa Balozi uliondoka. Orodha ilipata sahihi, vidole vikasafishwa, na kitambulisho kikatoka, kisha kile cha binti kikafuata. Binti alirudi nyumbani siku alipokipata, akampikia mamake anjera, ile mikate laini ya Kisomali, wakala pamoja, na asubuhi yake akaenda chuoni. Nasi tukakaa kungoja Balozi aombe pasipoti, akafanye umra, au walau akaione Dubai aliyoifahamu kwa karatasi. Yeye akapanda basi akaenda Mwingi, mji ulio ng'ambo ya kizuizi, njia ya Nairobi. Kwenye kizuizi alishuka kabla hajaambiwa, akawa wa kwanza kwenye mstari.

"Unaenda kufanya nini Mwingi, mama?" afisa akamuuliza.

"Kunywa chai."

"Garissa hakuna chai?"

"Iko. Angalia kitambulisho, ofisa. Angalia fizuri, usiharakishe."

Alikunywa hiyo chai, akasema ni mbaya, ina maji mengi na hawajui kutia iliki, akarudi na basi la mchana. Niliposikia nilidhani ni mzaha. Nilipomtazama niliona si mzaha hata kidogo. Figo zake zilikuwa zimeanza kumsumbua wakati huo, ingawa alituambia ni joto. Umra hakuiwahi.

Wiki iliyopita nilimsindikiza binti kwenda kufuatilia cheti cha kifo. Sare yake ya uuguzi ilikuwa bado mpya, na alikuwa ametulia kuliko mimi. Dirishani alikuwepo karani kijana, mpole, asiye na kosa lolote. Alijaza alichojaza, kisha akaomba kitambulisho cha marehemu. Akaeleza kwa adabu kwamba mtu akifa, kadi yake hurudishwa serikalini, ndiyo sheria, na kwamba ingefaa kirudishwe leo leo ili faili lifungwe.

Binti alikitoa kwenye mkoba. Akakitazama, akamtazama karani, kisha akakirudisha mkobani na kufunga zipu.

"Njoo kesho," akamwambia.

Foleni nzima ililipuka kwa kicheko, watu ambao wengine hawajacheka katika jengo lile tangu walijue. Mwishowe hata karani akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Tukatoka nje. Wapo walioniuliza baadaye, mbona mimi mwalimu wake sikumkanya? Sikumkanya kwa sababu nimesahihisha kazi za wanafunzi maisha yangu yote, na jibu sahihi nalijua nikilisikia. Kadi itarudishwa, sheria ni sheria, na mama yake hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Lakini itarudishwa mwenye nayo akiwa tayari. Aliyengojeshwa akiwa hai ana haki ya kungojewa akiwa kaburini.