Ushuhuda wa Anti na Virusi Vilivyolala

Hakuna kitu kinachoudhi kama kueleza jambo la kweli kwa mtu anayengoja umalize ili acheke. Anti yangu amezoea vichekesho vyangu, na Jumapili ile hakutarajia kingine.

Nilikuwa nimetoka kwetu Makina kulala kwake Kawangware. Asubuhi nikamkuta amepiga pasi gauni jipya, na juu yake ameweka chupa yake ya dawa za ukimwi.

"Hii naiacha madhabahuni leo," akasema. "Kliniki wamesema virusi havionekani kwa damu. Nimepona! Kwaya yote inajua natoa ushuhuda."

"Anti, kutoonekana si kuisha."

"Haya, daktari wa kidato cha tatu ameamka."

Nikamweleza kama kitabuni: kirusi kinaingia kwenye chembe nyeupe ya damu, askari wa mwili, kinajipachika katikati ya jeni zake na kuanza kuamua zipi ziwake, zipi zizime, mpaka askari anaacha lindo na kutengeneza virusi. Akapiga miayo. Nikahamia lugha ya ploti, ya wapangaji wa hapo kwake.

"Stima yako si ni ya kuiba?"

"Ya kuunganishiwa," akanirekebisha.

"Sawa. Wakaguzi wakija?"

"Nazima kila kitu, natulia."

"Na waya?"

"Si uko ndani ya ukuta! Utaenda wapi?"

"Basi! Virusi vingine vimelala hivyo ndani ya chembe, vimezima taa. Dawa inavizuia kusambaa. Ukiacha, vinawasha tena, vinaunganishia ploti nzima."

Akacheka hadi akakaa kitandani.

"Sitanii, Anti! Utakufa!" Sauti ilinipasuka katikati, ikatoka kama ya kuku.

Hapo akaacha kucheka. Akalivuta gauni, akalilaza mapajani.

"Na kwaya nitaiambia nini? Nimeshashona."

Kumbe mimi nahangaika na jeni, yeye anahangaika na gauni! Nilitamani kugonga kichwa ukutani.

"Sema Mungu amekupa dawa na inafanya kazi."

"Huo ushuhuda ni mfupi."

"Nitakupigia makofi uwe mrefu. Meza."

"Nitameza nikirudi."

"Sasa hivi, Anti."

Alimeza na chai iliyopoa, akinikazia macho, kisha akaachama, ulimi nje, nikague mpaka kooni.

"Umeona? Haya, na wewe funga mdomo wako."