Waliocheka Matangani

Watu waliniuliza mara nyingi, msichana wa Asembo Bay ana shughuli gani na mashairi ya Uingereza na Ayalandi. Niliyapenda, basi. Hasa ya Waayalandi wa siku hizi: yamejaa matope, mama wakali, makanisa na majirani wasiojua kunyamaza. Nilipoyasoma nilijihisi niko nyumbani, na ni hapo hasa nilipogombana na msimamizi wa tasnifu yangu.

Sura yangu ya tatu ilihusu shairi moja la matanga. Mzee amekufa, amelazwa sebuleni. Jirani anavaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake na alivyokuwa akimfokea mbwa, na watu wanacheka mpaka mjane naye anacheka. Niliandika kwamba wale watu wanaomboleza. Msimamizi akakata ukurasa mzima kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni kuwa kicheko kile ni dalili ya jamii iliyopoteza imani, kwa hiyo nirekebishe. Bila sahihi yake nisingehitimu mwaka ule.

Ningekuwa nimeandikiwa hayo na mgeni, ningemeza. Lakini huyu alikuwa mtu wa Nyakach, Mjaluo kama mimi! Miezi michache kabla ya hapo tulikuwa tumekwenda darasa zima kumzika mama yake, karibu na Pap Onditi. Bibi alikuwa amekula chumvi nyingi, na kwetu mtu wa umri huo hazikwi kwa machozi matupu. Jirani yake alitoka nyumbani amevaa gauni na kilemba cha marehemu, ameshika fimbo yake, akaanza kuwatukana mbuzi kwa sauti ileile ya bibi. Uwanja mzima uliangua kicheko. Msimamizi wangu alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaingia katikati kucheza naye, machozi yakimtiririka. Nilikuwa nimesimama karibu, nikamwona.

Nilipandwa na hasira. Nikabeba sura yangu mpaka ofisini kwake.

"Mwalimu," nikasema, "hapa umeniambia hawa watu hawana imani."

"Si mimi nimesema, nyara. Vitabu ndiyo vinasema." Nyara ni binti yangu kwa Kijaluo; aliniita hivyo alipotaka ninyamaze. "Wewe unaniletea mambo ya nyumbani kwa tasnifu. Hiyo acha huko nyumbani."

"Na siku ya kumzika mama, wewe ulikuwa umepoteza imani?"

Akavua miwani. Nilijua nimevuka mpaka, kwa maana mzazi wa mtu hatajwi katika ugomvi, lakini nilikuwa nimechoka. Tangu shule ya msingi walimu walituimbia kuwa mwacha asili ni mtumwa. Leo mwalimu mwenyewe ananifundisha kuiacha, tena ndani ya shairi la watu wanaozika kama sisi!

"Ile ilikuwa matanga," akasema polepole. "Hii ni ushairi."

"Aliyeandika hili naye alikuwa matangani, Mwalimu. Walioandika hivyo vitabu ndio hawakuwepo."

Akafunua kurasa zangu, akasoma tena ule aliokuwa ameukata. Nikaona mdomo wake unataka kutabasamu alipofika kwenye mbwa. Nikadhani nimeshinda.

"Umeandika ukweli," akasema. "Lakini hii inaenda kwa mtahini ng'ambo. Nikiweka sahihi, huyo mtu atanicheka."

Huyu aliyecheka mbele ya jeneza la mama yake, kijiji kizima kikimtazama, bila haya hata kidogo, sasa anaogopa kicheko cha mtu ambaye hajawahi kumwona! Nikakusanya karatasi zangu, nikatoka bila sahihi. Mahafali ya mwaka ule yalifanyika bila mimi, na hasira haijaniisha mpaka leo. Nayo si kwa ajili yangu tu. Nakasirika zaidi kwa ajili ya yule bibi, ambaye mwanawe alimlilia vizuri vile, kisha akaja mjini kumwonea aibu.