Siku Niliyotoboa Afrika

Rangi ya mafuta iliyotiwa tapentaini ina harufu inayoingia puani na kukataa kutoka. Wiki iliyopita nilikuwa nikipita Barabara ya Jogoo, nikakuta vijana wa kaunti wamechuchumaa kando ya lami, wanapaka ukingo wa barabara nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Mashindano yanakuja, mji unanawishwa uso. Nikasimama pale na mfuko wangu wa machungwa, mwanamke mzima mwenye mjukuu, na ghafla nikawa na miaka kumi na mmoja. Wacha niwasimulie. Na mkielewa kuliko mimi, tafadhali mnieleze na mimi.

Tulikuwa tukiishi mtaa wa Kaloleni, hapa Nairobi, katika zile nyumba za mawe zenye vigae, mimi na Mama na Baba. Baba alikuwa gadi wa treni. Gadi ndiye anayekaa behewa la mwisho kabisa na bendera mbili, ya kijani ya kuruhusu treni iondoke na nyekundu ya kuisimamisha. Reli haikuwa mbali na kwetu. Nilizijua siku zake za kupita, na nilikuwa nikisimama nje ya ua wa reli kumngoja. Alikuwa akichungulia dirishani na kunipungia ile ya kijani. Nikitaka kumchokoza, nilivua sweta yangu nyekundu na kuiinua juu, naye alijishika kichwa kama mtu aliyefikiwa na msiba, na mimi nilicheka mpaka nikaumwa na mbavu.

"Nekesa," aliniambia siku moja akila ugali, "ukiona nyekundu unasimama. Hata kama umechelewa, hata kama mkubwa wako amekaa ndani ya behewa. Unangoja hapo mpaka igeuke kijani. Ikigeuka kijani, unaondoka, huulizi."

Kisha Baba akahamishwa. Mama aliniambia amepelekwa Voi, mbali, njia ya Mombasa. Mara ya kwanza alirudi mwisho wa mwezi na viatu vyangu vya shule. Mara ya pili hakurudi. Nilipouliza atakuja lini, Mama alisema kazi ni nyingi, na aliposema hivyo aliangalia sufuria, ingawa sufuria ilikuwa tupu. Niliendelea kwenda pale kwenye ua wa reli. Magadi wengine walipita wakitazama mbele, na mimi nilirudi nyumbani.

Ndipo habari za mashindano ya michezo ya Afrika nzima zikaja, na mambo yakaanza kunichanganya. Watu wa baraza la mji walileta madebe ya rangi, wakapaka nyumba zinazotazama barabara, na hizo wakazipaka ukuta mmoja tu, ule wa kuonekana. Nyumba yetu ilikuwa safu ya pili. Nilimwuliza Mama mbona wametuacha.

"Wageni hawapiti huku."

"Sasa watatusalimiaje?"

"Kwani nani amekwambia wanakuja kutusalimia?"

Taa za barabarani, zilizokuwa zimekufa tangu nipate akili, ziliwaka zote. Mzee aliyekuwa akichoma mahindi pembeni mwa holi ya mtaa aliambiwa apotee mpaka wageni waondoke. Mama Halima, jirani yetu, alifagia mlangoni pake asubuhi na jioni, ungedhani wageni watakuja kukagua chini ya kitanda chake. Kila mtu alikuwa akijiandaa kwa ajili ya mtu asiyemjua, ambaye hatafika. Na mimi mtu wangu nilimjua, na hakuna aliyekuwa akimwandalia chochote.

Shule yetu ikachaguliwa kushika kadibodi. Labda hamjui jambo hilo, niwaeleze. Watoto maelfu walikaa jukwaa moja la uwanja, kila mmoja na kadibodi zake tano: nyekundu, kijani, nyeupe, nyeusi na manjano. Chini uwanjani alisimama bwana mmoja mwenye vibao vya namba. Akiinua kibao cha tatu, kila mtoto anainua rangi aliyoandikiwa ya picha ya tatu, na watu walioketi upande wa pili wanaona picha kubwa: simba, ngao, bendera. Sisi tuliozishika hatukuona kitu ila migongo ya wenzetu. Kadibodi zilipakwa rangi siku ya kwanza ya mazoezi, hazikuwa zimekauka vizuri, na tulirudi nyumbani tunanuka tapentaini na viganja vyetu vina rangi zote.

Kule kutojua kulinisumbua sana. Kila mtu alidai yake. Mvulana wa nyuma yangu aliapa kwamba yeye ndiye jino la simba. Nilimfuata Mwalimu Otuoma, aliyekuwa na filimbi shingoni na hasira mdomoni.

"Mwalimu, katika picha ya sita mimi ni nini?"

"Wewe ni kijani."

"Kijani ya nini?"

"Kijani ya kunyamaza. Rudi ukakae."

Lakini siku hiyohiyo alitutangazia kwamba nchi nzima itatuona kwenye televisheni. Nikainua mkono. "Hata Voi?"

"Hata Voi. Hata mwezini, kama kuna mtu huko."

Usingizi ulinipaa. Nilimwona Baba amekaa na mkuu wa stesheni ya Voi, wanatazama. Picha ya sita inatokea, kijani tupu, na katikati ya kijani inatokea nyekundu moja. Nani mwingine nchi hii nzima angemwinulia nyekundu? Angejua ni mimi. Na gadi akiona nyekundu, hakuna mjadala. Angeacha kila alichokuwa akifanya huko, angerudi nyumbani.

Nilimwambia Halima peke yake, binti wa yule jirani, kwa sababu kiti chake kilikuwa ubavuni pangu. Macho yalimtoka. "Wallahi Nekesa, utachapwa."

"Wacha nichapwe."

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na kelele zilinijaa masikioni mpaka nikawa sisikii filimbi. Picha ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Bwana wa vibao akainua sita. Nikainua nyekundu. Niliishika juu ya kichwa kwa nguvu zangu zote na kuanza kuhesabu. Nilipofika saba, Halima hakuweza kuvumilia tena. Alikuwa akiniogopea fimbo kuliko nilivyoiogopa mwenyewe. Akanyoosha mkono, akazigeuza kadibodi zangu, na kijani ikaja mbele. Nilimkanyaga mguu, lakini picha ya saba ilikuwa imeshaitwa.

Mwalimu Otuoma alinivuta sikio mpaka nyuma ya jukwaa. "Umetoboa Afrika!" alifoka. "Bara zima la kijani, na wewe umelitoboa shimo hapa kwetu, kwenye maziwa makuu!" Hivyo ndivyo nilivyojua picha ya sita ilikuwa nini. Nilichapwa vizuri sana, na sikulia. Nilikuwa na furaha, jamani, mnaweza kuamini?

Nilipofika Kaloleni nilikimbia mpaka holini, ambako mtaa mzima ulikuwa umetazama ile televisheni ya jamii, iliyofungiwa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Mama alikuwa akitoka.

"Mama, umeniona?"

"Nimeona watoto wengi."

"Ile nyekundu, Mama! Katikati ya kijani!"

Mama Halima akacheka. "Nyekundu gani, mwanangu? Hiyo televisheni inajua rangi? Yote ilikuwa kijivu."

Nilikuwa nimeitazama televisheni ile tangu utoto wangu, na haikunijia akilini hata mara moja kwamba humo ndani nyekundu na kijani ni kitu kimoja. Niliketi kwenye ngazi za holi nikalia kilio ambacho fimbo haikuweza kukitoa. Nikamweleza Mama yote, Baba na bendera na Voi. Nilitegemea anikumbatie au anigombeze. Hakufanya lolote. Tulipofika nyumbani alianua shuka lililokuwa safi, akalilowesha, akaanza kulifua upya na kulikamua mpaka nikahofia litachanika. Akasema bila kugeuka, "Hata huko Voi hawana ya rangi. Hakuona. Sahau."

Nilidhani amenikasirikia mimi. Nilikuwa mama mwenyewe nilipojua kwamba Voi Baba alikaa miezi tu. Alirudi Nairobi kitambo, akaanzisha nyumba nyingine na mke mwingine mtaa wa Komarock, matatu moja tu kutoka kwetu, na huko kulikuwa na mwana anayeitwa Brian, aliyezaliwa kabla hata Voi haijatajwa. Siku ile ya shuka Mama alikuwa tayari anajua. Nilimchukia Baba miaka mingi, kwa bidii. Kisha chuki ikanichosha, mke wake wa huko akafariki, akabaki mzee mwenye miguu iliyovimba, nikaanza kumpelekea machungwa.

Ndiko nilikokuwa nikienda siku ile ya wiki iliyopita, na harufu ya rangi puani. Nilimkuta mbele ya televisheni pana kama mlango, wanaonyesha uwanja wetu uleule unavyotengenezwa, viti vipya, nyasi mpya. Akacheka peke yake.

"Pale ndipo uliponishtua," akasema.

"Nani, mimi?"

"Wewe na nyekundu yako. Afrika nzima ni kijani, halafu nyekundu moja, hapa kwetu. Nikasema, huyo ni Nekesa. Nani mwingine?"

Chungwa lilikuwa mkononi mwangu, nusu limemenywa. "Baba, ulituona kwa televisheni ya nani?"

"Televisheni? Nilikuwa uwanjani. Nilimpeleka Brian. Tulikaa upande wa pili, tunawatazama nyinyi."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimelilia kitu kimoja, kwamba hakuniona. Kumbe aliniona, na alikuwa ndani ya uwanja uleule na mimi. Moyo uliruka kwa furaha kama wa mtoto, na papo hapo ukaniuma, na mpaka sasa sijui ni lipi lililotangulia.

"Na gadi akiona nyekundu hufanya nini?" nikamwuliza.

Alitazama viganja vyake. "Nilitaka kuja. Nilishaanza kushuka zile ngazi, mwulize Brian, nilimwacha kwenye kiti. Halafu ikageuka kijani. Uliigeuza mwenyewe, mama. Nikajua umeniruhusu niende."

Labda anajidanganya. Labda amejiambia hivyo mara nyingi mpaka ikawa kweli. Siwezi kujua, na nimeacha kutafuta. Nilichotaka ni kumwambia tu kwamba mkono ulioigeuza haukuwa wangu, kwamba mimi ningeishika nyekundu ile mpaka giza liingie. Nikafungua mdomo. Nikamwona anavyoningoja, ameinamisha kichwa, miguu yake imevimba juu ya kigoda.

Nikaufunga mdomo, nikampa lile chungwa, nikammenyea la pili.