Mwiko wa Kadzo

Juzi mke wa mwanangu aliniwekea mchuzi wangu peke yangu kwenye kijisufuria, hauna kitunguu hata harufu. Daktari amesema kitunguu ndicho kinachonijaza tumbo upepo. Nikamkumbuka dada yangu Kadzo.

Utotoni, kwetu Adu, mama alimpikia Kadzo kijungu chake kando ya chungu kikubwa, na kijungu kile kiliniunguza roho. Alasiri moja vitunguu vilikuwa vikilia kwenye mafuta, moshi umejaa jiko zima, jirani akauliza, "Mbona vyungu viwili?"

"Kadzo ana mwiko wa vitunguu," mama akajibu. "Akivila, tumbo humvimba kama ngoma."

Mwiko wa kukatazwa kitu sikuujua bado. Niliujua ule wa kusongea sima. Kumbe Kadzo amechongewa wake! Nikapekua jiko lote hadi juu ya uchaga, nikashuka na masizi usoni.

"Mama, na mwiko wangu uko wapi?"

Jirani alicheka hadi akajifuta machozi. "Wewe huna mwiko, baba," mama akaniambia. "Wewe hata mawe utakula."

Nililia. Wakati wa kula Kadzo aliikodolea macho sahani yangu, nikajua ananiringia.

Shule sikukaa, lakini nyumba hii ya mawe nimeijenga mwenyewe, na mambo mengi nayajua. Ila hili la Kadzo nililijua juzi tu, wajukuu wakitafuna kachumbari mbele yangu, kru, kru, nami macho hayabanduki kwenye sahani zao.